Jicho Kabla ya Kidole

Sura zilizotangulia zilihusu gemu za kasi: soka, mbio za magari na ngumi, ambako kidole kikichelewa kidogo tu umeshafungwa goli au umeshaangushwa chini. Sasa tunageukia gemu za watu wenye subira. Ziko za aina tatu, na maduka huziuza mbalimbali: gemu za visa na safari, ambamo mchezaji huzunguka ulimwengu asioujua akifuatilia kisa, gemu za mafumbo, na gemu za udunguaji, ambamo mchezaji ni mlenga shabaha aliyejificha mbali na adui. Mimi naziona ni ukoo mmoja. Zote tatu hukutaka utazame kwanza, uunganishe ulichokiona, kisha ndipo ubonyeze.

Kwa hiyo nitazipima zote kwa kipimo kimoja: je, gemu hii inaliheshimu jicho la mchezaji? Inayoliheshimu huweka wazi kila kinachohitajika, na mchezaji akishindwa hutambua kwamba jibu lilikuwa mbele yake muda wote. Isiyoliheshimu huuficha ushahidi, au humchorea mshale mwekundu wa kumwambia pa kwenda, hata asiwe na sababu ya kutazama chochote. Kuna gemu mashuhuri zinazofeli kipimo hiki, na kuna nyingine, zilizotengenezwa na mtu mmoja tu, zinazokipita kwa mbali.

Pango, kisiwa na meli

Gemu za safari zilianza bila picha hata moja. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mtunzi wa programu huko Massachusetts, Marekani, ambaye pia alipenda kuzuru mapango, aliandika gemu ya maneno matupu iliyotokana na Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, lililoko Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford akaipanua. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba alimo, akaandika amri fupi, akasoma kilichotokea, na pembeni akachora ramani yake mwenyewe kwenye karatasi. Aliyeyapitia maelezo juujuu alipotea. Masharti ya ukoo huu yaliwekwa tangu siku hizo: ulimwengu umeshaelezwa, na kuusoma ni juu yako.

Mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, wakayatia masharti hayo picha. Myst humtua mchezaji kwenye kisiwa chenye maktaba, mnara wa saa, meli iliyozama na chombo cha kurukia angani. Hakuna adui, hakuna kufa, hakuna saa inayokukimbiza. Wengi walidhani gemu isiyo na hatari haiwezi kuuzika, lakini ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 6, na Myst ilikaa kileleni mwa mauzo ya gemu za kompyuta hadi The Sims ilipoipita mwaka 2002.

Ninachokipenda Myst ni kwamba vifaa vyake hufanya kazi kama vifaa. Ili mlango wa chombo cha angani ufunguke, lazima uwashe majenereta mpaka umeme ufike volti 59 kamili. Ukizidisha, swichi ya usalama hukata, na itabidi upande mnarani kuirudisha. Hakuna aliyekueleza hivyo. Uliona nyaya, ukafuata zinakoelekea, ukaelewa. Huko ndiko kulipwa kwa kutazama.

Hata hivyo Myst ina doa. Katika mojawapo ya dunia zake kuna reli ya chini ya ardhi yenye njia panda nyingi, na njia sahihi hutambulishwa kwa mlio unaosikika kila kituo. Maana ya milio hiyo hufundishwa katika dunia nyingine kabisa, ambayo huenda hujaifikia. Aliyepita njia tofauti hubaki kubahatisha kushoto na kulia gizani, na mchezaji anayebahatisha ni mchezaji aliyenyimwa ushahidi. Kosa hili ni dogo ndani ya kazi kubwa, lakini ndilo lililokuja kukua na kuiangusha aina nzima.

Mfano wake maarufu uko katika Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999, kisa kinachotokea katika kijiji cha Rennes-le-Château, Ufaransa. Shujaa anataka kukodi pikipiki kwa jina la rafiki yake. Ili afanane naye, mchezaji anatakiwa abandike utepe wa gundi kwenye tundu la kibanda, amrushie paka maji ili akimbie kupitia tundu hilo, akusanye manyoya yaliyonasa, kisha ayageuze masharubu kwa kuyabandika na sharubati nzito ya kulia mikate. Zaidi ya hapo, rafiki huyo mwenyewe hana masharubu! Ndiyo maana lazima pia uichukue pasipoti yake na kuichorea picha yake masharubu kwa kalamu.

Waswahili tuna adabu ya zamani katika jambo hili. Mtega kitendawili anaweza kuwa mkali apendavyo, na anayeshindwa humpa mji. Lakini jibu likishatajwa, kila aliyeketi pale hukubali kwamba lilistahili. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na ukiambiwa tu unaliona. Fumbo la paka halina kuona huko. Hata baada ya kupewa jibu, unabaki kujiuliza mtungaji alikuwa akiwaza nini.

Gemu za safari zilinyanyuka tena ziliporudia adabu hiyo, na mbili za karne hii naziweka juu ya nyingine zote. Ya kwanza ni Outer Wilds ya mwaka 2019, iliyoanza kama kazi ya masomo ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California. Wewe ni rubani mgeni wa anga. Kila baada ya dakika 22 jua hulipuka, kila kitu hufa, nawe huamka tena pale pale ulipoanzia. Hupati silaha mpya, hupati nguvu mpya. Kinachobaki nawe ni ulichojua. Kuna sayari mbili pacha ambazo mchanga humiminika kutoka moja kwenda nyingine: upande mmoja majengo hufukuliwa taratibu, upande wa pili mapango hufukiwa. Kwa hiyo suala ni mahali pa kwenda na pia saa ya kufika. Anayekwenda mapema hukuta mchanga. Anayechelewa hukuta mlango umeshazibwa. Mchezaji aliyeielewa gemu hii anaweza kuimaliza katika mzunguko mmoja tangu mwanzo, kwa kuwa kilichokuwa kikimzuia ni kutojua tu. Sijaona gemu nyingine iliyoyapa maarifa heshima kubwa namna hii.

Ya pili ni Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018, kazi ya Lucas Pope karibu peke yake. Mwaka 1807 meli iliyopotea inaonekana tena bila mtu aliye hai ndani yake. Wewe ni mkaguzi wa bima wa East India Company, na umepewa daftari lenye majina ya watu 60. Unatakiwa useme kila mmoja ni nani, alipatwa na nini, na mikononi mwa nani. Una saa ya mfukoni ambayo, ukisimama penye maiti, hukurudisha kwenye dakika ile mtu yule alipokufa. Unasikia sauti chache, kisha kila kitu hukwama mahali pake nawe unazunguka kutazama. Picha zote ni za rangi mbili tu, giza na nuru, na bado zinatosha. Baharia mmoja utamjua kwa lafudhi, mwingine kwa namba ya kitanda chake cha kuning'inia, mwingine kwa viatu vilivyochungulia mwisho wa kitanda.

Pope aliona hatari ya watu kubahatisha akaikomesha kwa kanuni moja: gemu haithibitishi majibu yako mpaka yawe sahihi matatu kwa pamoja. Kujaribu majina ovyo kunachosha kuliko kufikiri, basi mchezaji anachagua kufikiri. Watengenezaji wote wa gemu za upelelezi wangefaa kuisoma kanuni hiyo kwa makini.

Fumbo linalofundisha bila kuhutubu

Mwaka 2000 mwandishi wa Marekani, Erik Wolpaw, alilichambua fumbo la paka hatua kwa hatua na kuhitimisha kwamba gemu za safari hazikuuawa na mtu, zilijiua zenyewe. Miaka 7 baadaye alikuwa miongoni mwa waandishi wa Portal, gemu ya kampuni ya Valve. Ukicheza Gabriel Knight 3 na Portal kwa kufuatana, Portal inasomeka kama jibu kamili kwa lile fumbo.

Chimbuko la Portal ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen katika jimbo la Washington, ambao Valve iliwaajiri. Kifaa chake ni kimoja: bunduki isiyoua, inayotoboa mlango ukutani na mlango wa pili mahali pengine, ukiingia huku ukatokea kule. Jambo la kustaajabisha ni mpangilio wa ufundishaji wake. Mwanzoni hupewi bunduki kabisa. Milango hufunguka yenyewe, na kupitia mmojawapo unajiona mwenyewe umesimama upande wa pili. Kisha unapewa uwezo wa kutoboa mlango mmoja tu, wa pili umewekwa na chumba. Ni baadaye sana ndipo unashika milango yote miwili. Kila chumba, na vipo 19, huongeza wazo moja juu ya lile ulilokwisha kulielewa. Ukianguka kutoka juu na kuingia mlango wa sakafuni, kasi yako huendelea, nawe hurushwa mbele kutoka mlango wa ukutani. Gemu hukuonyesha hilo mara moja, kisha hukuachia shimo refu, ukuta wa mbali na utulivu wa kutosha kufikiri. Walimu wa hisabati wanaolalamika kwamba wanafunzi hawafikiri wangenufaika kuutazama mpangilio huu.

The Witness ya Jonathan Blow, iliyotoka mwaka 2016, ilikwenda mbali zaidi. Ni kisiwa chenye mafumbo zaidi ya 500, na yote ni ya kuchora mstari kutoka duara hadi mwisho wa njia. Maelekezo ya maandishi hakuna. Kanuni unazivumbua kwa kushindwa vibao vidogo mfululizo mpaka unapambanua alama ile nyeusi inakataza nini na ile ya rangi inadai nini. Baadaye jicho lililozoea duara na mstari linaanza kuviona mahali pasipo na kibao: kwenye mto, kwenye ukingo wa paa, kwenye wingu. Gemu haikukuambia chochote kuhusu hayo. Ilikuzoesha kutazama, ikakuachia dunia nzima uitazame.

Pamoja na sifa hizo, The Witness ina ukaidi nisiokubaliana nao. Baadhi ya vibao vyake haviwezekani kwa asiyetofautisha rangi, na vingine haviwezekani kwa asiyesikia vizuri. Kuliheshimu jicho ni pamoja na kukumbuka kwamba macho hayafanani. Gemu inaweza kuwa ngumu na bado ikawapa wachezaji wake njia ya pili ya kuupata ushahidi uleule.

Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, ya mwaka 2019, ni ndogo kwa sura na kubwa kwa wazo. Kanuni za gemu zimeandikwa kwenye vitalu vilivyotapakaa sakafuni, na vitalu hivyo unaweza kuvisukuma. Kanuni ikisema ukuta unazuia, lisukume neno moja liondoke kwenye mstari, na ukuta hauzuii tena. Mchezaji aliyetumia saa nzima kutafuta njia ndani ya sheria hugundua kwamba sheria yenyewe ilikuwa kipande cha fumbo. Nimewaona watu wazima wakisimama kutoka kitini kwa furaha mbele yake. Hasara yake ni kwamba hatua za katikati hupanda ugumu ghafla, na wengi huiacha kabla ya kuyafikia mawazo yake bora.

Mdunguaji ni msomaji

Gemu za udunguaji ndizo zinazodhaniwa kuwa mbali kabisa na mafumbo. Kwangu mimi udunguaji mzuri ni fumbo lenye risasi moja. Umbali ni kiasi gani, upepo unavuma kutoka wapi, mlinzi huyu akianguka nani atamwona, nikishafyatua nitakimbilia wapi? Kufyatua ni sentensi ya mwisho baada ya kusoma ukurasa mzima.

Konami ilijaribu kuutenga mvuto huo mwaka 1999 kwa Silent Scope, mashine ya kumbi za michezo yenye bunduki iliyofungwa darubini, na ndani ya darubini kioo kidogo. Kuhamisha jicho kutoka kioo kikubwa kwenda kwenye kile kidogo ilikuwa ladha mpya. Lakini saa ilikuwa inahesabu, na mashine ilitaka sarafu, kwa hiyo subira haikupata nafasi.

Subira ilipata nafasi mwaka 2007 katika Call of Duty 4: Modern Warfare, gemu inayojulikana zaidi kwa mapigano ya kasi. Katikati yake kuna hatua mbili zinazotokea Pripyat, mji uliohamwa baada ya ajali ya Chernobyl. Umevaa gwanda la nyasi, unamfuata kapteni wako, na wakati mmoja unalala chini huku kundi zima la askari na vifaru likikupita, buti zikikanyaga hatua chache kutoka kichwani pako. Silaha unayo, na silaha haikusaidii. Kisha inakuja risasi ya mbali, ambapo lazima usome bendera kuujua upepo. Kasoro ya hatua hizo ni kwamba kapteni husema kila kitu: lala, simama, sasa. Uzuri wa mandhari ni mkubwa, lakini macho yanayofanya kazi ni ya kapteni.

Macho ya mchezaji mwenyewe yanapata kazi kamili katika Metal Gear Solid 3 ya mwaka 2004, pale unapokutana na The End, mdunguaji mkongwe mno anayejificha katika msitu mpana. Pambano linaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Unatafuta mng'ao wa darubini yake, unafuata nyayo zake, unasikiliza pumzi yake kwa kipaza sauti. Naye anakutafuta wewe. Watengenezaji waliongeza jambo ambalo sitachoka kulisifu: ukihifadhi gemu katikati ya pambano na kukaa zaidi ya wiki moja bila kurudi, utakuta mzee amefariki kwa uzee wake. Hiyo ni subira iliyofikishwa mwisho kabisa wa mantiki yake.

Katika ukoo huu mfululizo ulioshika jina ni Sniper Elite wa kampuni ya Rebellion ya Oxford, Uingereza, ulioanza mwaka 2005. Ninaupenda hasa katika sehemu ya tatu ya mwaka 2014, iliyowekwa Afrika Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia Tobruk, kupita Halfaya na Siwa. Risasi hushuka kwa uzito wake na husukumwa na upepo. Ukikimbia, moyo hupiga kasi na shabaha hutetemeka mpaka utulie. Unaweza kuliharibu jenereta ili litoe mshindo, nawe ukafyatua ndani ya mshindo huo pasipo mtu kusikia. Ukipiga mara kadhaa kutoka sehemu moja, askari hukisia ulipo, na lazima uhame. Yote haya ni ushahidi wa wazi, na anayeusoma hulipwa.

Hapa ndipo mfululizo huu unaponiudhi. Tangu Sniper Elite V2 ya mwaka 2012, risasi nzuri hufuatwa na kamera inayoingia ndani ya mwili wa adui na kuonyesha, polepole, mifupa ikivunjika na viungo vikipasuka. Katika sehemu ya nne, ya mwaka 2017, kuna jambo linaloifanya kamera hiyo ionekane mbaya zaidi: ukimtazama askari kwa darubini ya mkononi, gemu hukupa habari fupi za maisha yake. Kwa dakika moja yule wa mbali anakuwa mtu. Dakika inayofuata anakuwa nyama. Darubini ilikuwa inafundisha uzito wa kufyatua, kisha kamera ikauondoa uzito huo na kutupa tamasha mahali pake. Nalipinga jambo hili kwa sababu mbili. Kiufundi, tuzo inahama kutoka kwenye kutazama na kupanga, inakwenda kwenye kupasua. Kiutu, mchezaji aliyemtazama mtu kwa muda mrefu namna ile anastahili kuachiwa alibebe alilolitenda.

Kwamba udunguaji ni fumbo, gemu moja ndogo imelithibitisha bila kubakiza shaka: Children of the Sun ya René Rother, ya mwaka 2024. Kila hatua una risasi moja tu. Ikimpata mtu, unasimama pale ilipomfikia na kuielekeza upya kwa mwingine, mpaka wote waishe. Kabla ya kufyatua unazunguka kuwahesabu na kutafuta mpangilio: nani anaonekana kutoka kwa nani. Ukatili wake ni wa rangi na michoro mikali, lakini kiini chake kinafanana na mstari wa The Witness, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika.

Kuna upande wa simu, na ni muhimu kwetu kwa kuwa vijana wengi wa Afrika Mashariki hucheza hapo. Hitman Sniper ya mwaka 2015 ilionyesha linalowezekana: jumba moja huko Montenegro, watu wale wale wenye mazoea yale yale, na mchezaji anayewazoea mpaka anajua kwamba kioo kile kikivunjika mlinzi yule atasogea ukingoni. Kwa bahati mbaya, gemu nyingi za udunguaji zinazojaa kwenye simu zimeiga darubini tu. Adui anasimama wazi, anapigwa, linakuja tangazo, na hatua ya kumi haipitiki mpaka ununue bunduki kali zaidi. Hapo jicho halina kazi yoyote. Kinachopimwa ni salio la mchezaji, na kijana asiye na pesa huambiwa kwamba hana kipaji.

Pa kuanzia

Kwa anayetaka kuuingia ukoo huu ninashauri mpangilio huu. Anza na Portal, kwa sababu ni fupi, hukubaliwa na kompyuta za zamani, na inakuzoesha kuamini kwamba jibu lipo. Mwenye simu pekee aanze na Baba Is You, ambayo imefika kwenye simu pia. Kisha cheza Return of the Obra Dinn ukiwa na daftari na kalamu pembeni, ikiwezekana na mwenzako, maana macho manne huona viatu ambavyo macho mawili yalivipita. Outer Wilds ifuate, na usisome habari zake popote kabla ya kuimaliza: kila unachoambiwa kinapunguza kitu pekee ambacho gemu hiyo hukupa. Sniper Elite 4 iwe ya mwisho, kwa watu wazima tu, na kamera ya ndani ya mwili izimwe kwenye mipangilio kabla ya kuanza.

Ukikwama, usikimbilie video za majibu mtandaoni. Zima, fanya shughuli nyingine, rudi kesho. Ukilazimika kuomba msaada, mwombe mtu akuulize swali, asikupe jibu: umetazama dari? umefuata waya ule? Na mzazi anayeuliza ni gemu ipi imfae mtoto wake nampa kipimo kilekile nilichokitumia katika sura hii. Aketi karibu na mtoto anapocheza. Macho ya mtoto yakizunguka kiooni kabla vidole havijasogea, gemu hiyo inamjenga. Vidole vikienda vyenyewe huku macho yakisubiri tangazo liishe, amtafutie nyingine.